Ngoma za Lamu: nizione wapi, na kwa adabu gani?

Mwalimu wa Nakuru
Hamjambo ndugu zangu wa pwani. Nimeazimia kuja Lamu na mke wangu wakati wa Maulidi. Mwaka jana tulikuwa Malindi, na katika hoteli moja tulichezewa ngoma wakati wa chakula cha jioni. Wachezaji walipewa kama dakika 20, wakacheza ngoma tatu mfululizo bila mtu kutueleza ni za nani wala huchezwa wakati gani, nasi tukaondoka na picha tu. Safari hii ningependa kuona ngoma ambayo wenyewe wangeicheza hata kama mimi nisingekuwapo. Nitaipata wapi, na mgeni hukaaje hapo?

Mzawa wa Langoni
Hatujambo, mwalimu, karibu. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, umeuchagua vyema, kwa kuwa watu wetu waliotawanyika hurudi nyumbani, na goma huchezwa karibu na Msikiti wa Riyadha, ulioanzia kwenye darasa za mwanazuoni Habib Saleh mwishoni mwa karne ya 19. Ila usichanganye mambo mawili: matwari, yaani matari, yanayopigwa na wanaume waliopanga safu huku wakisoma kasida ni katika kumsifu Mtume, na hakuna atakayefurahi ukiyaita ngoma. Goma ni jambo jingine. Wanaume waliovaa kanzu na kofia hujipanga safu, kila mmoja na bakora yake, wakiinama na kuinuka polepole mno, hata mgeni akadhani bado hawajaanza. Subiri. Utamwona mzee mmoja akiipinda shingo kidogo tu zumari linapovuta, na kwa kidogo hicho wenzake watamshangilia.

Tafuta pia kirumbizi, ambayo ni ya fimbo. Wawili huingia kati wakiviziana, na zumari halinyamazi hata kidogo, kwa sababu mpigaji huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiisukuma ile iliyomo kinywani. Mtazame mashavu yake! Simama nyuma ya wazee, wala usiingie uwanjani na kamera.

Binti wa Mkomani
Shemeji zangu wamesahau upande wetu, mwalimu, na huu ni wa mkeo. Katika harusi wanawake tunapiga vugo, yaani pembe za nyati zinazogongwa kwa vijiti, tukiimba. Akialikwa aje, avae kwa heshima, akae na wenye umri wake. Wewe utabaki barazani na wanaume. Simu aiache. Katika harusi ya dada yangu mgeni tuliyemkirimu alitupiga picha kwa siri tukiwa tumevua mabuibui, nazo tukazikuta kwenye intaneti. Hadi leo shangazi yangu hachezi penye mgeni, na yeye ndiye aliyetufundisha sote.

Mgiriama wa Malindi
Yaliyokupata kwetu yamenisikitisha, mwalimu, ila nakuomba usiwadharau wale wachezaji, maana wengine jioni ile ndiyo karo ya watoto wao. Kama wanawake walivaa hando, vile vitambaa vyenye marinda mengi kiunoni, yamkini mliona gonda, ngoma yetu Wagiriama. Zipo ngoma zisizofaa kuchezwa kando ya meza za chakula. Kifudu ndiyo aliyoicheza Mekatilili wa Menza mwaka 1913, akizunguka vijijini kuwahimiza Wagiriama wakatae amri za Waingereza. Sisi hatuwezi kuiona kuwa kiburudisho. Ukipita tena, zungumza na wachezaji wenyewe, uwaulize lini watacheza nyumbani, na utakachotoa ukitie mikononi mwao.

Mwalimu wa Nakuru
Ahsanteni sana. Yule mama aliyeongoza ngoma Malindi sikumwuliza hata jina, na limenikaa moyoni tangu niliposoma maneno ya ndugu yetu Mgiriama. Tutapitia huko kwanza, kabla ya kwenda Mokowe kupanda boti. Mke wangu anamwuliza Binti wa Mkomani: je, akipata mwaliko wa harusi, aje na zawadi gani mkononi?

Binti wa Mkomani
Leso doti moja yatosha, dada yangu. Chagua vizuri jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kwa kuwa tutalisoma.