Naombeni ushauri: nataka kukua kiwandani, chuo sijasoma

Wakuu, habari za muda huu. Nina miaka 23, nipo Mbagala, niliishia kidato cha nne na matokeo ndiyo hivyo tena. Nafanya kibarua kiwanda kimoja cha plastiki. Asubuhi tunajipanga getini, msimamizi anachagua anaowataka, waliobaki wanarudi nyumbani. Ukiingia, kazi ni kukata mabaki kwenye shingo za madumu na kuyapanga. Mitambo naipenda kweli, ila naogopa kuzeekea hapo kwenye kupanga. Ada ya chuo sina na nyumbani wananitegemea. Nianzie wapi?

Spana Kumi na Saba: Mdogo wangu, hapo ulipo si pabaya. Mimi nilianza helpa, sasa ni opareta wa mashine hizohizo. Subiri siku ya kubadilisha moldi, lile umbo la chuma linalolipa dumu sura yake. Wenzako watakwenda kuchezea simu, wewe mshikie fundi spana, uone anavyofunga bolti na maji ya kupoozea yanapita wapi. Halafu hayo mabaki unayokata yanasema mengi: yakinenepa ghafla, ama moldi haijibani sawasawa, ama plastiki inashuka nyingi kupita kiasi. Mwambie opareta kabla hajaona mwenyewe, uone kama kesho hatakuulizia getini. Ila paneli ya vitufe vya kuendeshea mashine usiiguse bila ruhusa, na mkono usiingize kwenye moldi mashine ikiwa inawaka, hata bosi akikutuma.

Mama Cherehani: Kaka Spana umesema kweli, lakini bila karatasi akihama kiwanda anaanza upya kama helpa. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Aliyejifunzia kazini anapimwa kwa kile anachokijua, akifaulu anapewa cheti. Mdogo wangu, fika chuo chao cha Chang'ombe uulize ni fani zipi wanapima na gharama yake. Ufundi mitambo na umeme wa viwandani ndizo ningekutuma ukaulizie.

Mzee wa Zamu: Mnampamba tu kijana. Mimi nimewaona vijana wanaendesha mashine kwa malipo ya kibarua, kisa wamejua kazi na hawana mkataba. Dogo, ukishakabidhiwa mashine dai mkataba wa maandishi, na ulizia NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Mchango wako na wa mwajiri kwa pamoja ni asilimia 20 ya mshahara, na salio unaweza kuangalia mwenyewe. Wakikuzungusha, chukua ujuzi wako uende geti la jirani.

Mleta mada: Asanteni sana wakubwa zangu. Tatizo opareta wetu ukimuuliza kitu anakuwa mkali.

Spana Kumi na Saba: Achana naye. Mtafute fundi wa matengenezo, yule mwenye ovaroli chafu kuliko wote. Omba shifti ya usiku, maana mashine ikigoma saa nane usiku huwa hana hata wa kumshikia tochi.