Tuzo ya AP Scholar inasaidia kupata chuo Marekani, au ni ya kutundika ukutani tu?

MamaNee_Moshi

Habarini wakuu, shikamooni mlionizidi. Naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumegawanyika mama huku baba kule.

Kijana wangu yuko bodingi shule ya mtaala wa Kimarekani, sasa hivi anaingia greidi ya 12. Mwaka jana na mwaka huu mwezi wa tano kafanya mitihani ya AP (Advanced Placement, ile ya levo ya chuo inayofanywa sekondari, maksi 1 hadi 5) minne kwa jumla, Calculus kapata 5, Baiolojia 4, Kiingereza 4, Historia ya Dunia 3. Juzi kafungua akaunti yake kakuta wamemwandikia AP Scholar with Honor. Basi baba yake hajalala, kapiga skrinishoti kaituma grupu la ukoo, huko Kibosho washaanza kusema kijana anaenda Harvard na shangazi mmoja kauliza sherehe lini.

Mimi ni mhasibu, sherehe sina shida nayo ila nataka kujua hiki kitu kina thamani gani, maana kuna wakala mmoja pale Arusha mjini tulimfuata kaniambia hii tuzo ndo inayofungua skolashipu, ila lazima "iandikiwe wasifu" na kutumwa vyuoni kwa utaratibu maalumu, na huo utaratibu ni milioni moja na nusu, nusu tutangulize. Nilivyomuuliza vyuo gani akasema vyote vikubwa. Nikaondoka na kipeperushi.

Sasa maswali yangu: maafisa udahili wa huko wanaijali hii tuzo? Na ikishindikana Marekani, Muhimbili au KCMC hapa nyumbani wataihesabu? Kijana anataka udaktari.

chalii_wa_Sakina

Mama hongera kwa dogo, 5 ya Calculus sio mchezo. Huyo wakala usimpe hata buku. Hiyo tuzo haiombwi wala haitumwi na mtu, College Board, wenye mitihani yenyewe, wanaitoa automatiki wakishaona maksi. Sasa yeye anatuma nini?

Mshauri_Njiro

Mama Nee pole na hongera kwa pamoja. Hizi aplikesheni nasaidia vijana miaka mingi sasa, ngoja nikueleze inavyokwenda ndani maana wengi wanaongea kwa kusikia.

AP Scholar ziko ngazi tatu. Ya kawaida mtoto awe na 3 au zaidi kwenye mitihani mitatu. With Honor awe na minne yenye 3 kwenda juu na wastani wa mitihani yote usipungue 3.25, wa kwako ana wastani wa 4 kamili kwa hiyo kapita vizuri tu. With Distinction mitano na wastani wa 3.5. Ni hesabu tupu, hakuna jopo lililokaa likamjadili mwanao, kompyuta imejumlisha ikagawanya basi. Na kila mwaka wanaopewa ni mamia ya maelfu.

Sasa afisa udahili anafungua faili la kijana, anaona Calculus 5, Baiolojia 4, Kiingereza 4. Hapo hapo ameshajua kila kitu ambacho tuzo ingemwambia. Tuzo imetokana na maksi ambazo tayari ziko mezani kwake, ndo maana haimwongezei kitu. Kinachosomwa kwa makini ni transkripti, yaani ripoti ya maksi za shule, ya miaka yote, amechukua masomo magumu kiasi gani kulingana na yaliyopo shuleni kwake, barua za walimu, insha, na SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, kwa vyuo vilivyorudisha sharti la kuifanya, MIT walirudisha 2022, halafu 2024 wakafuata kina Dartmouth, Brown na Harvard. Yale nao walikuja na utaratibu wao 2024 kwamba unaweza kupeleka maksi za mtihani mmojawapo, SAT, ACT, AP au IB, chagua, sasa hapo maksi za AP zenyewe zina uzito mkubwa kabisa ila ni maksi, tuzo haihusiki.

Lakini sisemi aitupe. Kwenye Common App, fomu moja ya onlaini ya kuombea vyuo vingi, kuna sehemu ya tuzo na heshima, nafasi tano tu, kila moja ina herufi 100 basi, halafu unatiki ulipewa greidi gani na kama ni ya levo ya shule, mkoa, taifa au kimataifa. Kama kijana ana vitu vitano vya maana kuliko hiki, mfano alishinda mashindano ya hisabati au mradi wa sayansi, hiki kikae nje. Kama ana viwili tu, aiweke ya tatu, inamchukua sekunde thelathini. Nimeona watoto wanaiweka ya kwanza na chini yake mashindano ya nchi nzima, huo ni uvivu wa kupanga.

Kuna mtego mmoja watu hawauoni. Vijana wengi wakiomba vyuo vigumu wanaficha ile 3, wanaandika zile 4 na 5 peke yake, inaruhusiwa maana kwenye fomu maksi unajiandikia mwenyewe na chuo kinaomba ripoti rasmi baadaye ukishapokelewa. Sasa mwanao akificha Historia anabaki na mitihani mitatu, halafu kwenye tuzo anaandika with Honor ambayo haipatikani bila minne. Msomaji anayeijua hesabu hiyo anajua kuna wa nne umefichwa na ni mdogo. Kwa hiyo achague, ama aonyeshe yote minne ama aache tuzo. Mimi ningemwambia aonyeshe yote, 3 ya Historia kwa mtu anayeomba sayansi haiui.

Na mkumbuke mitihani atakayofanya Mei ijayo akiwa greidi ya 12, maksi zinatoka Julai, wakati majibu ya vyuo yameshatoka Machi mwishoni au Aprili mwanzoni na mwisho wa kuthibitisha kwa kawaida ni 1 Mei. Kwa hiyo hata akipata with Distinction mwakani hakuna afisa udahili atakayeiona. Sanasana maksi nzuri zitamrukisha kozi fulani za mwaka wa kwanza kwa vyuo vinavyokubali, na hiyo ni hela imeokolewa.

Meku_Rombo

Mshauri nakuheshimu ila hapo kwenye tuzo umekaza sana. Mtoto wa dada yangu yuko Texas, huko walimpa National Merit na chuo kikamlipia karibu kila kitu, sasa mnasemaje tuzo hazina kazi? Tena ile ilitokana na mtihani wa masaa mawili tu. Na jambo la pili, shule zetu huku hawazijui, afisa wa Boston ataijuaje shule ya Usa River? Tuzo ya Wamarekani wenyewe inamwambia huyu mtoto yuko levo yao. Msimkatishe tamaa mama wa watu.

chalii_wa_Sakina

Meku hizo ni tuzo mbili tofauti kabisa unazichanganya

Mshauri_Njiro

Meku shikamoo. National Merit ni habari nyingine na niliiacha makusudi. Ile inatoka kwenye PSAT, mdogo wake SAT, ya Oktoba greidi ya 11, wanafanya zaidi ya milioni moja na wanaofika nusu fainali ni kama 16,000 tu, ndo maana ina jina. Na hata hapo, vyuo kama Harvard haiwashtui maana nusu fainali wamejazana kwenye mafaili yao. Inapofanya kazi ya kweli ni kwenye hela, kuna vyuo kama Alabama na UT Dallas wanajulikana kwa kuwamwagia fedha waliofika fainali ili wawapate. Kwa hiyo mpwa wako sikushangai, inawezekana kabisa.

Lakini sharti lake ni uraia wa Marekani, au mkazi wa kudumu aliye kwenye njia ya kuwa raia. Mtoto wa Kitanzania mwenye pasipoti yetu hata apate 1520, maksi zote za PSAT, haingii. Mwenye pasipoti ya Marekani hata akiwa anasoma hapa Arusha anaweza kuingia, na hapa mjini wapo watoto wa aina hiyo, wazazi wao wanapitwa na ile Oktoba kwa kutokujua.

Hilo la shule kutojulikana ni hoja ya kweli, nakupa. Ila kinachomtoa mtoto wa shule isiyojulikana ni ile 5 yenyewe, kwamba mtihani ule ule uliofanyika Boston kaufanya na huyu kapata ya juu kabisa. Tena kuna karatasi inaitwa profaili ya shule, mshauri wa shule anaituma pamoja na transkripti, inaeleza shule ina wanafunzi wangapi, AP ngapi zinafundishwa, maksi zinatolewaje. Mama Nee nenda shuleni ukaulize hiyo karatasi mara ya mwisho imeandikwa lini, nimewahi kuona moja ina jina la mkuu wa shule aliyeondoka zamani. Hilo lina faida kuliko tuzo kumi.

Meku_Rombo

Basi nimekuelewa kwenye uraia, yule kazaliwa huko huko. Ila tuzo aiweke bwana, haijamwomba chakula.

dokta_mtarajiwa_KCMC

Nijibu upande wa nyumbani maana wote mmekimbilia Marekani.

Mama, vyuo vyetu tuzo haina pa kuwekwa kabisa. Mfumo wa udahili onlaini unaingiza namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, matokeo yanavutwa kutoka NECTA (baraza la mitihani), unachagua kozi, unalipa, umemaliza. Hakuna insha, hakuna barua ya mwalimu, hakuna kisanduku cha kuandika ulikuwa kiranja. Wanaangalia alama na pointi, A ni 5, B ni 4, unashuka hivyo hivyo hadi E ambayo ni 1, ushindani wa MD, digrii ya udaktari, unajulikana. Mwanafunzi bora wa taifa na wewe mwenye pointi sawa naye mko sawa mbele ya mfumo. Hata NECTA wenyewe walishaacha kutangaza kumi bora tangu Januari 2023, zamani Ilboru na Kibaha watu walikuwa wanasubiri redioni kusikia majina, siku hizi hakuna.

Kwa kijana wako sasa, kwa sababu mtaala wake ni wa nje, ataanzia NECTA kuomba ulinganifu wa vyeti vyake, bila hiyo karatasi mfumo hauna cha kusoma. Na hapa ndo penye shida yenyewe: MD hapa nchini wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia. Naona ana Baiolojia tu. Calculus ni tamu ila kwa udaktari wa hapa haizibi pengo la Kemia. Ongeeni na NECTA mapema mjue wanahitaji nini kutoka mtaala wake, msisubiri Machi akishakataliwa huko ndo mkimbie Dar.

Na skolashipu ya Samia, ile ya serikali, msiipigie hesabu kwa hiyo tuzo, ile wanaangalia waliofanya vizuri sayansi kidato cha sita.

MamaNee_Moshi

Jamani asanteni sana, hili la Kemia na Fizikia limenishtua kuliko yote, na mwaka mzima tumekaa tunahesabu AP. Nimempigia kijana sasa hivi anasema Kemia yuko nayo mwaka huu na anaweza kujiandikisha kwenye mtihani wake wa AP Mei, Fizikia alisoma ya kawaida greidi ya 10. Wiki ijayo nawapigia NECTA.

Mshauri swali la mwisho, hela. Sisi ada ya huko hatuiwezi, tukiuza hata kihamba, shamba la ukoo, haitoshi. Tuzo haina dola ndani yake?

Mshauri_Njiro

AP Scholar haina hata senti, mama. Ni jina kwenye akaunti yake. Na mtihani mmoja wa AP kwa nje ya Marekani unazidi dola 100, kwa hiyo kama kuna aliyelipwa hapo sio nyie.

Hela ya kweli kwa mtoto wa kwetu inatoka kwa chuo chenyewe kulingana na kipato cha familia. Vyuo binafsi vingi gharama kwa mwaka zinapita dola 80,000, na vingi vikiona mwombaji wa nje anahitaji msaada mkubwa vinalihesabu hilo kwenye uamuzi. Vichache havihesabu, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, hao ukipita wanakulipia kinachopungua, ila kupita ndo shughuli. Kwa hiyo orodha yake isiwe hao peke yao, aweke na vyuo vidogo vya sanaa na sayansi vinavyotoa msaada mnono kwa watoto wa nje. Halafu Marekani udaktari hauanzi moja kwa moja, ni digrii ya kwanza ya miaka minne ndo uombe chuo cha udaktari, na huko watoto wa nje wanabanwa sana. Hilo mlizungumze na baba yake kabla ya sherehe.

Nyaraka za kipato muanze sasa. Wewe mhasibu hiyo sehemu ya fomu utaimaliza asubuhi moja wakati wenzako wanalia. Ada ya maombi nayo mshauri wa shule anaweza kumwombea msamaha. Na EducationUSA ubalozini Dar wanashauri bure.

MamaNee_Moshi

Sawa mkuu. Kipeperushi cha wakala nimekiona kimeandikwa "tuna uhusiano na vyuo 500". Baba Nee bado anataka kumpigia.

chalii_wa_Sakina

Mwambie amuulize wakala with Honor inahitaji mitihani mingapi