Krismasi Masaka: luwombo na pilau kwa watu 15, kisha Mutukula na watoto tarehe 27

MwalimuWaKagera:
Habari za jioni wanajukwaa. Sisi ni mume na mke, Watanzania, wote tunafundisha Kiswahili sekondari hapa Masaka, Uganda. Watoto ni watatu, wa miaka 12, 9 na 5. Mwaka huu Krismasi tunaila hapa hapa pamoja na majirani, jumla kama watu 15, halafu tarehe 27 tunawapeleka watoto Bukoba, Tanzania, kwa bibi yao, kupitia mpaka wa Mutukula. Watoto wanataka pilau ya nyumbani, lakini luwombo (kitoweo cha Kiganda kinachofungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke) nayo wameshaizoea kwa majirani, kwa hiyo nataka vyote viwili viwe mezani. Naomba wanaojua wanisaidie: luwombo inafungwaje jani lisipasuke? Mchele gani wa hapa unafaa pilau? Na mpakani watoto wanahitaji karatasi gani?

JikoLaBuddu:
Mwalimu, karibu sana. Luwombo huharibika sehemu tatu: jani, maji ya chini ya sufuria, na muda. Ukizishika hizo, kilichobaki ni mapishi ya kawaida.

Tuanze na jani, maana hapo ndipo wengi wanashindwa. Chagua jani changa lililokwisha kufunguka ila upepo haujalichana. Kata jioni ya tarehe 24. Geuza mgongo juu, chukua kisu kikali, uchonge ule uti wa katikati mpaka uwe bapa, bila kulitoboa jani. Halafu lipitishe juu ya makaa ukilisogeza taratibu toka upande mmoja hadi mwingine. Rangi itakoza, jani litang'aa na kulegea mkononi. Sehemu ambayo haijabadilika rangi ndiyo itakayopasuka utakapokunja, kwa hiyo irudishe motoni. Kila fungu tumia majani mawili, la ndani dogo likae kitakoni panapobeba uzito.

Karanga: nusu kilo ya karanga nyekundu mbichi zilizosagwa, maji ya vuguvugu lita moja kasorobo. Ongeza maji kidogo kidogo huku unakoroga mpaka madonge yaishe, uzito uwe kama uji wa mtoto. Tia vitunguu viwili, nyanya tatu zilizokatwa ndogo, na chumvi. Usipike kwanza. Rojo itakuwa nzito yenyewe ndani ya jani, na ukiianzisha jikoni itatoka ngumu, mafuta pembeni.

Kuku wa kienyeji wa kilo moja na nusu mkate vipande vinane. Vibabue juu ya makaa kama dakika kumi, ngozi ipate rangi. Hatua hii watu huiruka, na ni kosa: kuku mbichi hutoa maji mengi na rojo inakuwa nyepesi, tena ule moshi ni sehemu kubwa ya ladha.

Kufunga: tandika jani ndani ya bakuli, weka vipande, mimina rojo, isizidi theluthi mbili ya nafasi kwa sababu itachemka na kupanda. Kusanya kingo juu, kunja shingo, funga kwa ganda kavu la mgomba ulilolowesha. Likiwa kavu linakatika ukivuta.

Chini ya sufuria panga vipande vya uti wa majani, tabaka mbili zilizopishana. Maji yaishie chini ya vipande hivyo. Yakigusa mafungu yanaingia ndani, na hapo utakula supu. Simamisha mafungu shingo juu, funika na majani matatu au manne ukiyachomeka pembeni, kisha mfuniko. Kuku wa kienyeji anataka masaa matatu ya mvuke usiokatika, kuku wa kisasa saa moja na nusu, nyama ya ng'ombe matatu na nusu hadi manne. Kila dakika arobaini na tano sikiliza: mlio wa mchemko ukififia, ongeza maji yanayochemka kwa pembeni. Maji ya baridi yanaua mvuke na unaanza upya kuhesabu.

Mkitaka kula saa 8 mchana, mafungu yawe motoni saa 4 asubuhi. Kwa hiyo wapishi waende misa ya mkesha usiku wa tarehe 24, wengine waende ya asubuhi. Makanisani Masaka misa nyingi ni za Kiluganda na sikukuu hujaa mapema, hasa Kitovu kwenye kanisa kuu. Ukiwa na watoto fika nusu saa kabla.

Matoke: yawe na sufuria yake. Menya mkono ukiwa na mafuta ili utomvu usishike, funga kwenye majani, mvuke saa moja na robo, bonyeza kwa mikono yakiwa bado ndani ya majani, kisha rudisha kwenye moto mdogo saa moja nyingine. Hiyo saa ya pili ndiyo inayoyafanya yawe laini na ya njano. Usiyatoe kabla wageni hawajakaa, yakipoa yanakuwa magumu.

BintiWaViungo:
Dada, kuhusu pilau: sokoni utakuta mchele wa Super, ambao mwingi unatoka Tanzania, na Kaiso wa huku Uganda. Kwa pilau chukua Super. Kaiso ni mtamu kwa wali wa kawaida, lakini una wanga mwingi, unashikana. Ukiukosa Super, osha Kaiso mara tatu nne mpaka maji yawe meupe kidogo tu, na upunguze supu: kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu, badala ya karibu viwili.

Kwa watu 15 wenye matoke na luwombo pembeni, kilo mbili za mchele zinatosha kabisa. Nyama kilo moja na nusu, vitunguu vikubwa sita, bizari nyembamba vijiko viwili vya chakula, iliki punje kumi na mbili, karafuu nane, mdalasini vijiti vitatu, pilipili manga kijiko kimoja cha chai. Nunua viungo vizima, usage mwenyewe. Vya unga vinavyouzwa kwenye vipakti mara nyingi vimeshapoteza harufu. Vitunguu vikaange mpaka viwe kahawia ya kweli, vikiishia njano pilau inatoka nyeupe na watoto wataijua tu kuwa siyo ya bibi.

Nyama nunua tarehe 24, siyo asubuhi ya 25. Ng'ombe aliyechinjwa alfajiri nyama yake bado imekaza, hailainiki kwa masaa machache. Ikilala usiku mmoja kwenye friji inaiva haraka. Kama umeme ni wa kukatika, ichemshe na chumvi na tangawizi usiku huo huo, na ile supu ndiyo utakayopikia pilau. Na kama kati ya majirani wako wapo Waislamu, waulize mapema nani atachinja kuku, ili wote wale kutoka chungu kimoja.

Mkaa, kuku na kreti za soda vyote vipatikane kabla ya tarehe 20. Bei inapanda kila siku kuanzia hapo, na kreti zenye chupa tupu zinakuwa adimu. Alasiri ya Krismasi wageni huingia bila kupiga simu, ndivyo ilivyo huku na ni jambo jema, kwa hiyo weka soda na keki ya ziada.

Pesa ya sikukuu ukipokea kwa simu, kumbuka ukitoa kuna kodi ya 0.5% juu ya ada ya wakala. Kwa duka linalopokea malipo ya simu, lipa moja kwa moja.

Mpakani:
Mwalimu, tarehe 27 umechagua vizuri. Msongamano mkubwa ni kati ya tarehe 20 na 24, watu wakitoka Kampala kwenda vijijini, na nauli za mabasi hupanda sana siku hizo. Pia msichelewe kwenda: shule za Tanzania hufunguliwa Januari, za Uganda mapema Februari. Mkienda katikati ya Januari watoto watamkuta bibi lakini binamu zao watakuwa darasani.

Masaka hadi Mutukula ni kama kilomita 90 kupitia Kyotera, na Mutukula hadi Bukoba kama 80. Ondokeni asubuhi. Mutukula ni kituo cha pamoja cha mpakani tangu 2017: ukienda Tanzania, taratibu za kutoka na za kuingia zote zinafanyika jengo la upande wa Tanzania. Usipange foleni upande wa Uganda.

Kila mtoto awe na pasipoti yake au hati ya kusafiria ya muda, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kama mzazi mmoja atabaki Masaka, aandike barua ya ridhaa yenye sahihi na nakala ya pasipoti yake. Angalia pia vibali vyenu vya kazi na pasi za watoto za kukaa Uganda: vikiisha wakati mko Bukoba, kurudi kunakuwa tabu, na ofisi zinafungwa tarehe 25 na 26.

Kadi ya homa ya manjano ni lazima muwe nayo, kwa sababu mnatoka nchi yenye ugonjwa huo. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo aliye bado achanjwe kabla ya tarehe 17. Ukishachanjwa kadi haiishi muda.

Jambo moja linalowashika wengi: mifuko ya plastiki. Kavera ambayo huku unafungiwa kila kitu imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Hamishieni mizigo kwenye vikapu au mifuko ya kitambaa kabla ya kutoka nyumbani.

MwalimuWaKagera:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Mawili tu: sufuria yangu kubwa ni ya lita 20, itabeba mafungu mangapi? Na fungu likivuja katikati ya mapishi nifanyeje?

JikoLaBuddu:
Lita 20 inabeba mafungu manane hivi kwa tabaka moja. Usiyapandanishe, ya juu yatabana ya chini na yatapasuka. Funga mafungu ya watu wawili wawili na watu 15 wanatosha. Kuku wawili, karanga kilo moja.

Likivuja, usilifungue. Lishike shingo, lifunge jani jingine lililobabuliwa kwa nje, ulirudishe ukilikalisha ndani ya bakuli dogo la bati. Likifunguliwa mvuke wake unatoka na nyama inakauka. Mezani yafike yakiwa yamefungwa, yafunguliwe mbele ya wageni.

Mpakani:
Nimesahau zawadi ya bibi. Senene, wale panzi wa kuliwa! Msimu wake Masaka huanza Novemba, na Bukoba hakuna atakayezikataa. Nunua mapema, ng'oa mabawa, miguu na vipapasio, osha, chemsha kidogo na chumvi, kisha zikaange kwa moto mdogo katika mafuta yake yenyewe mpaka zilie kwenye kikaango. Vitunguu usivitie kama zinasafiri, vinaleta unyevu na zinavunda. Zipoe kabisa, ndipo uzifungie kwenye kopo la bati lililokauka.