Zamu ya jioni kwenye mizani, 350,000 kwa mwezi: Jumatatu niende?

BintiNansio

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni. Nina barua ya kazi mkononi, Jumatatu natakiwa kuripoti, na tangu juzi sijalala vizuri.

Nilimaliza shahada ya ufugaji wa viumbe maji mwaka jana. Miezi kumi na moja nimezunguka na bahasha Mwanza hii, Ajira Portal nimeitwa usaili wa kuandika mara mbili, sikupita. Wiki iliyopita kiwanda kimoja cha minofu ya sangara (jina naliacha) kikanipigia simu. Mimi niliomba maabara, wao wamenipa ukarani wa mapokezi: gari la samaki likiingia nakaa kwenye mizani, naandika kilo na namba ya gari. Msingi 350,000, saa kumi jioni hadi saa sita usiku, siku sita kwa wiki, majaribio miezi mitatu.

Hesabu nimepiga kwenye daftari. NSSF asilimia 10 inaondoka na 35,000. Bodi ya mikopo asilimia 15, yaani 52,500. Kodi 3,600. Mkononi 258,900. Nakaa Buhongwa kwa mama mdogo, na saa sita usiku daladala hakuna. Boda kwa saa hizo hanitoi mjini chini ya 5,000. Kwa siku 26 ni 130,000, nusu ya mshahara imeishia barabarani na sijanunua hata sabuni.

Halafu ofisa utumishi anataka niache vyeti halisi ofisini kwake mpaka majaribio yaishe. Hapo ndipo moyo ulisita kabisa.

Binamu yangu ana vizimba viwili vya sato Igombe, ananiita nikasaidiane naye, malipo mpaka tuvune. Sato wa kizimbani anataka miezi sita mpaka minane. Roho yangu iko kule. Lakini mama yupo Nansio anaanika dagaa, na ada yangu ya mwaka wa mwisho ilitoka kwenye dagaa hao. Nitamwambiaje kwamba nimeitwa kazini nikakataa?

MzeeWaBarafu

Marahaba binti yangu. Mimi nilianzia kwenye mizani hiyohiyo unayoikimbia, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Kilo utaziandika, ndiyo, ila macho yako yawe kwa mkaguzi aliyesimama pembeni yako. Mlango wa gari ukifunguliwa anaanza na shavu: analifunua aone matamvua ni mekundu au yameshageuka kahawia. Kisha anabonyeza mgongo kwa dole gumba. Nyama ikirudi, huyo mzima. Shimo likibaki, anavutwa pembeni. Mwisho anachomeka kipimajoto mpaka karibu na mfupa, maana juu barafu inadanganya, ndani samaki anaweza kuwa bado wa moto. Na yule wa chini ya sentimita 50 sheria haimruhusu, hata awe mbichi namna gani.

Mkaguzi wetu aliugua mwezi wangu wa tano pale. Gari tatu ziko getini, barafu inayeyuka, msimamizi akauliza nani anaweza. Nilikuwa nimeangalia usiku mia na kitu, nikashika kipimajoto. Maabara nilihamia mwaka uliofuata. Wewe una shahada, mimi sikuwa nayo.

dada_wa_mikataba

Mdogo wangu, cheti halisi USIACHE. Nenda na nakala zilizogongwa muhuri wa wakili, na vile halisi waonyeshe, waviangalie mbele yako, urudi navyo nyumbani. Nimemsaidia binti mmoja aliyeacha vyake. Alipopata kazi nzuri kwingine alihangaika wiki sita kuvipata, na nafasi ikapita.

Na omba masharti ya kazi kwa maandishi siku ya kwanza, ni haki yako kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ujue pia kwamba ndani ya miezi sita ya mwanzo wakikuachisha, kinga ile ya kuachishwa isivyo haki bado haijakufikia. Kuanzia saa mbili usiku kila saa ina nyongeza ya asilimia 5. Uliza kama iko ndani ya hiyo 350,000 au nje.

MamaIgogo

Mimi boda ya saa sita kila siku siipendi mwanangu, achilia mbali hela. Viwanda vingi vina gari la kushusha watu wa usiku. Uliza linaishia wapi. Kama hakuna gari, nenda Igombe kwa binamu yako, utakula sato na utalala.

BintiNansio

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Leo asubuhi nilipiga simu. Vyeti wamekubali nakala, tena bila ubishi, nami nilikuwa nimeshajiandaa kukataa. Nyongeza ya usiku iko nje ya msingi, wataiandika kwenye barua. Gari lipo, linaishia Nyegezi kona. Kutoka pale boda ni 1,500, na mume wa mama mdogo kasema atakuwa ananisubiri mwenyewe na pikipiki yake.

Binamu nimemwomba Jumapili zangu za mapumziko niwe naenda Igombe kupima maji na kulisha. Kakubali.

Mama nimemweleza yote, hata hesabu. Kaniuliza kitu kimoja tu, kama nina sweta la kutosha kwenye hiyo barafu. Sina. Kesho naenda kulitafuta mitumbani, na Jumatatu saa tisa na nusu nipo getini.