Wavuvi wa bwawa la Tawa kule India, haki yao iliishia wapi?

Mchanga_Mweupe: Wakuu habari zenu. Nafuatilia hii ishu ya bwawa la Tawa, jimbo la Madhya Pradesh, lililokamilika miaka ya 70 likazamisha vijiji 44 vya makabila ya Wagondi na Wakorku. Nasikia baadaye walipewa bwawa wavue wenyewe kwa ushirika, ni kweli? Na ikawaje?

BabaZuu: Kweli mkuu, na hawakupewa hivihivi, waliandamana miaka. Mwaka 1996 ushirika wao Tawa Matsya Sangh ukapata mkataba wa miaka 5, ukaongezwa tena 2001. Walikuwa wanapandikiza vifaranga wa samaki, masika nyavu zinaanikwa juu samaki wazaliane, na mvuvi anapima rohu wake (aina ya samaki wa huko) kwenye mzani wa ushirika wake, sio wa tajiri. Hilo la mzani usilidharau, mie nimekulia mwaloni najua mtu anavyopunjwa kilo mbili anabaki kuangalia tu.

Dada_Nyavu: Mkataba uliisha 2006 haukuongezwa, sababu hifadhi ya chui milia ya Satpura. Yaani mtu kahamishwa kupisha bwawa, kajifunza uvuvi, anaambiwa tena pisha wanyama! Inauma jamani. Na mwaka huohuo 2006 bunge lao likapitisha sheria ya haki za msitu inayotaja kabisa samaki na mazao ya majini kama haki ya jamii.

Mchanga_Mweupe: Asante sana dada, hiyo sheria ndo nilikuwa naitafuta.