Datsun 240Z ya 1972: ikipata moto haiwaki

Wa_Shangani: Wakuu, kabureta ni mbili, aina ya SU. Ikisimama dakika kumi Mingoyo juani, haiwaki tena. Mwezi ujao naenda nayo Dar kutoka Mtwara, kilomita 560 hivi. Nirekebishe nini?

Spana13: Petroli inageuka mvuke bombani. Kabureta za injini hii, L24, zimekaa juu ya ekzosi. Ukizima injini, feni inasimama, joto linapanda, na pampu ya kwenye injini haivuti mvuke. Gusa bakuli la kabureta uone linavyounguza. Zungushia bomba kizuia joto, na fungua boneti kila unaposimama. Dawa ya kudumu ni pampu ya umeme karibu na tangi, yenye shinikizo la psi 3 hadi 4. Usizidishe! Sindano ya flota, inayozuia petroli bakuli likijaa, itashindwa kufunga, petroli imwagikie ekzosi ya moto.

Rejeta_Safi: Naunga mkono. Gari hili lilishinda Safari Rally 1971 na 1973, mwili wake ni mgumu. Raba ndizo huzeeka. Badilisha mipira yote ya maji na petroli. Tairi nazo usizitazame kashata (meno) tu: 1219 ubavuni maana yake ilitengenezwa wiki ya 12, mwaka 2019.

Spana13: Na ubebe belti ya feni, plagi 6, maji lita 10. Ondoka alfajiri, Nangurukuru uipite kabla ya jua kali.