Ukoo wa Ngamiani: Salim anakwenda Norwei

*Salim:* Assalaam aleikum wanaukoo. Viza imetoka! Juni nipo Norwei wiki mbili. Da Khadija jiandae, nataka kuziona zile taa za kijani angani.

*Mjomba Bakari:* Waaleikum salaam. Hongera mjomba wangu!

*Khadija Bergen:* Maashallah, karibu sana. Ila hizo taa, aurora wanaziita, Juni huzioni. Giza lenyewe halipo. Kule Tromsø, mji wa kaskazini kabisa, jua halizami kabisa, kuanzia kama tarehe 20 Mei mpaka 22 Julai. Mwenye shida na taa aje mwisho wa Septemba mpaka Machi, na aje na koti la maana.

*Rehema:* 😂😂 Pole kaka

*Khadija Bergen:* Halafu msiziamini sana picha. Kamera inakusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, jicho haliwezi. Mara nyingi unaona kwanza kama utepe wa wingu jeupe, mpaka zikipamba moto ndiyo kijani kinatoka na zinaanza kucheza. Usiku mwingine unagandishwa nje bure, unarudi na mafua tu.

*Mama Salim:* Sasa jua lisipozama, Magharibi mnaswali saa ngapi?

*Khadija Bergen:* Shangazi, hapa Bergen linazama, ila Juni ni saa tano usiku imeshapita. Shughuli iko huko Tromsø. Wapo wanaofuata saa za Makka.

*Mama Salim:* Subhanallah.

*Salim:* Kwa hiyo niahirishe?

*Khadija Bergen:* Usithubutu. Ukishuka Oslo usipande ndege kuja kwangu, panda treni, masaa kama saba. Reli ya tangu 1909. Kaa dirishani. Inapanda mpaka Finse, mita 1,222, barabara ya magari haifiki hapo, na Juni bado utakuta theluji. Ukifika Myrdal shuka, kuna treni nyingine ndogo inateremka Flåm. Kilomita 20 tu, lakini unatoka mita 866 juu mpaka usawa wa bahari. Njiani inasimama kwenye maporomoko ya Kjosfossen, abiria wote nje. Maji yanakurushia manyunyu, muziki unalia, mara juu ya mwamba katokea mwanamke wa gauni jekundu anacheza.

*Rehema:* Mwanamke gani tena??

*Khadija Bergen:* Jini la hadithi zao, wanaliita huldra, linapoteza wanaume msituni. Ni wasanii wanaigiza, majira ya joto tu.

*Mama Salim:* Salim utabaki ndani ya treni.

*Mjomba Bakari:* 😂😂😂

*Khadija Bergen:* Flåm panda boti mpaka Gudvangen, kama masaa mawili. Hiyo ndiyo fjord yenyewe: barafu ya zamani ilichimba bonde, bahari ikaingia. Pale Nærøyfjord pembamba kabisa ni mita 250, na milima imesimama wima pande zote mbili. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2005. Ukiniuliza mimi, ukiona hiyo tu nauli yako imelipa.

*Salim:* Na lile jiwe watu wanakaa ukingoni?

*Khadija Bergen:* Preikestolen, kule upande wa Stavanger. Mita 604 mpaka majini, na hakuna ukuta wala kamba. Kwenda na kurudi kilomita 8 za mawe matupu, raba za mtumba hazifai.

*Mjomba Bakari:* Kama Irente ya Lushoto tu. Tena sisi tumekwenda na kandambili.

*Khadija Bergen:* Mjomba, Irente hakuna mvua ya baridi inayokuja kwa upande 😂 Bergen inanyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Salim, mwavuli uache, upepo utauvunja. Lete koti la mvua.

*Salim:* Hoteli je? Nimeona bei nikafunga simu.

*Khadija Bergen:* Utalala kwangu. Ukitoka, beba hema. Sheria inaruhusu kulala porini bure, mradi uwe mita 150 kutoka nyumba ya mtu, na pale pale usizidishe siku mbili bila ruhusa. Maji kunywa ya bomba, ya chupa ni kutupa hela.

*Mama Salim:* Khadija, nitampa sambusa za nyama akuletee.

*Khadija Bergen:* Shangazi weee, nyama kutoka nje ya Ulaya hairuhusiwi, zitaishia uwanja wa ndege.

*Mama Salim:* Basi za dengu. Ngapi?

*Khadija Bergen:* Sanduku zima 🙏